Nyumba Hii Haiuzwi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimekata shauri. Nauza nyumba.

Namshukuru Mungu kwa kunijalia kuamua mambo haraka. Imenichukua miezi saba tu tangu nifukuzwe kazi. Nashukuru pia kwa jinsi nilivyofukuzwa. Shirika letu la maji lilikatiwa fedha na Wazungu wake mwezi wa pili, tukaitwa ukumbini wafanyakazi tisini, tukapewa soda, sambusa na barua. Barua nzuri kabisa, karatasi nzito. Sadik wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa meneja wa stoo, alipewa barua ya kurasa mbili. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Na mimi nilikuwa mkuu wa magari! (Magari yalikuwa mawili, na moja nililiendesha mwenyewe. Lakini mkuu ni mkuu.) Wakatugawia na shajara hizi zenye nembo ya shirika. Nani mwingine hupewa kitabu kizuri na mtu anayemfukuza? Alhamdulillahi.

Tatizo ni kwamba hatukufukuzwa peke yetu. Mashirika yamefungwa kulia na kushoto, na Bukoto, mtaa wetu hapa Kampala, ilikuwa ikila kwa mashirika. Wapangaji wa maghorofa wamerudi kwao. Kila lango lina kibao. Bonny, dalali wetu, anasema mwezi wa pili nyumba yangu ilikuwa na bei ya nyumba. Sasa ina bei ya sebule na jiko. Ikifika Desemba itakuwa na bei ya choo. Bei haipandi tena, anasema, itashuka tu. Bonny anajua. Ni mtu wa soko.

Mpango: kuuza sasa, kununua lori kuukuu, kupeleka saruji Juba. Sisi tutapanga vyumba viwili Kawempe. Hajara, mke wangu, alinisikiliza huku akigeuza gurusa kwenye kikaango. Gurusa ni mikate yetu ya Kinubi. Huiuza langoni asubuhi, kajishughuli tu ka kumpotezea muda. Akauliza swali moja: na Bibi?

Bibi ndiye aliyenilea. Ana miaka themanini na nane, na nyumba ilijengwa na marehemu mume wake, babu yangu. Hati ina jina langu kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Nikamwambia Hajara kwamba Bibi haoni vizuri, hatajua tofauti ya Bukoto na Kawempe. Hajara akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu gurusa.

Jumanne, 9 Septemba

Sadik naye anauza! Kibao kimesimama langoni kwake tangu alfajiri, na bei chini yake. Ni bei ile ile niliyomnong'oneza Bonny jana, pungufu kidogo.

Nikamwita Bonny, nikashusha yangu. Bonny akavuka barabara. Baada ya chai akarudi: Sadik ameshusha. Nikashusha. Akavuka. Kufikia adhuhuri Bonny alikuwa amekunywa vikombe sita, vitatu kwangu na vitatu kwa Sadik, na gurusa sijui ngapi. Kufikia alasiri sisi wawili tulikuwa tumeondoa robo nzima ya thamani ya mtaa, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyekuwa amefika.

Nilikwenda sokoni kupunga hewa. Mama mmoja wa ndizi alikuwa analalamika kwamba bei za nyumba Bukoto zimeanguka ghafla tangu asubuhi. Nikakubaliana naye kwamba ni lazima serikali ifanye jambo.

Nashukuru hata hivyo. Sadik alichoka kwanza.

Jumatano, 10 Septemba

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, lakini leo zimeota!

Nilikuwa natembea kuelekea Kamwokya nikapita kwenye ukuta wenye maandishi makubwa mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Hatua mia mbele, mwingine. Yamejaa Kampala nzima mpaka hatuyaoni tena. Matapeli huuza nyumba za watu walio safarini, au ndugu wanagombania urithi, basi mwenye nyumba anapaka ukuta ili mnunuzi asiingizwe mjini.

Leo niliyatazama kwa jicho la biashara. Nyumba gani huandikwa hivyo? Nzuri! Zenye vigae, zenye maua. Sijawahi kuona kibanda cha Namuwongo kimeandikwa haiuzwi. Nani atajisumbua kukatalia kitu kisichotakiwa na mtu? Kwa hiyo penye maandishi pana wanaoitaka, na penye wanaoitaka bei iko juu. Sadik na kibao chake anaomba. Mimi nitaringa.

Nikamleta Olal, fundi wa maandishi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akauliza nina kesi na nani. Nikasema kesi sina, nina mpango. Akaandika kwa Kiingereza, herufi za urefu wa mkono, kuanzia langoni mpaka pembeni. Herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi, lakini zinasomeka kutoka barabara kuu. Rangi imebaki nusu kopo. Nimeificha chini ya kitanda.

Bibi alitoka na mkeka wake, akakaa barazani, akauliza fundi anaandika nini. Nikasema: Mashallah. Akauliza mbona ndefu hivyo. Nikasema ni Mashallah ya Kiingereza. Bibi anasoma Kurani mpaka leo, lakini herufi za kizungu hakufundishwa. Akasema vizuri. Halafu akaniambia nina tone la rangi nyuma ya sikio. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo: kweli lipo! Na pale alipokaa ni mbali. Mungu humpa mja wake nuru kidogo kidogo. Nashukuru.

Ijumaa, 12 Septemba

Matokeo yameanza kuonekana. Hayajakaa sawa bado.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mhuri mfukoni, anataka kujua tunapigana na ndugu gani, ili afungue faili. Nikasema hatupigani. Akasema wote husema hivyo. Msikitini, baada ya sala, imamu aliwaombea ndugu wanaogombania mali ya marehemu, na safu nzima ikageuka kunitazama. Watu wanne wamenishika mkono kwa huruma. Mmoja amenipa namba ya wakili. Wakili mzuri, anasema, kesi yake mwenyewe ina miaka kumi na mitatu.

Bonny karibu alie. "Bwana Dawudi, umefanya nini? Mtaa yote wanasema hii nyumba iko na kesi. Sasa mimi nitauza kesi kwa nani?" Nikamweleza jinsi akili ya mnunuzi inavyofanya kazi. Akauliza mnunuzi yupi. Nikamwambia asubiri.

Sadik alivuka barabara kunipa pole. Pole! Alisema ndugu zangu wakinisumbua, yeye yuko upande wangu. Furaha ilikuwa inachungulia kwenye masharubu yake. Namshukuru kwa moyo wake mwema, na namwombea upele na kucha fupi.

Nilimwambia Hajara kwamba mpango unahitaji muda tu. Akasema ndiyo, Baba Taqwa. Halafu akaenda jikoni na simu yake, akaongea muda mrefu huku anakaanga. Ni vizuri mwanamke awe na mashoga wa kumliwaza.

Jumamosi, 13 Septemba

Mnunuzi! Wa kweli, ana miguu! Anaitwa Mzee Guerschom, anauza vitenge. Aliikimbia vita Goma mwezi wa kwanza, na sasa anatafuta nyumba ya kuishi na mahali pa kuweka mzigo wake. Bonny alimleta saa nne.

Hakufika hata langoni. Alisimama barabarani, mikono nyuma, akasoma ukuta neno kwa neno. Akasema: "Papa, mimi siogopi kazi, siogopi vita. Naogopa kesi ya nyumba."

Nikamweleza kwamba hakuna kesi. Akauliza, basi haiuzwi kweli? Nikasema inauzwa. Akauliza, mbona imeandikwa haiuzwi? Nikasema, ili iuzwe. Akamtazama Bonny. Bonny akatazama viatu vyake. Nikaanza upya, taratibu, na mfano wa vibanda vya Namuwongo. Nilipofika katikati ya mfano, Sadik alikuwa amekwisha fungua lango lake, amevaa kanzu ya Idi, anamkaribisha mgeni kwa mikono miwili.

Saa nzima walikaa ndani! Nilisikia Sadik akicheka kicheko chake cha mikutanoni.

Alipotoka, mzee alivuka tena barabara. Moyo ukaruka. Kumbe amefuata harufu. Hajara alimpa gurusa na asali, akala nne amesimama, wakazungumza. Aliuliza banda letu la gari lina upana gani na kama paa linavuja. Mtu haji kununua nyumba nzima akauliza banda la gari! Nilimwacha Hajara amjibu, maana mambo madogo madogo anayaweza.

Jumapili, 14 Septemba

Fadhul amekuja. Binamu yangu wa Bombo. Pamoja na watu wanane, magodoro matatu na jogoo.

Anasema alipata habari Ijumaa kwamba tunagombania nyumba ya babu, na kwa kuwa yeye pia ni mjukuu, amekuja kugombania. Nikasema hakuna ugomvi. Akasema basi ataanza yeye. Nikamuuliza ni nani aliyemchongea. Anasema ni mwanamke, hakutaka kujitaja, alimpigia simu, na nyuma yake mafuta yalikuwa yanalia kikaangoni. Majirani wambeya! Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini tisa kwa mpigo hawamponyi mtu.

Kisha Bibi akaniita chumbani kwake.

Nilijua mambo yameharibika nilipomkuta Hajara amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Bibi akasema Mama Taqwa amemsomea ukuta. Nilitafuta uongo wa haraka, sikuupata. Akaniambia nikae chini, kwenye mkeka, nilipokuwa nakaa utotoni.

Akanisimulia habari ninayoijua, lakini hajawahi kunisimulia hivyo. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka, kila Mnubi alihesabiwa kuwa askari wa yule aliyeanguka. Alinifunga mgongoni, nilikuwa na miaka mitatu, akaenda nami mpaka Arua, mpaka Sudan. Alirudi baada ya miaka saba akakuta mapazia ya watu wengine kwenye madirisha yake. Hakupigana nao. Alilala kwenye baraza la jirani miezi mitano, na kila asubuhi alikuja kufagia mbele ya lango lake mwenyewe, kimya, mpaka waliokuwamo wakaona haya wakahama.

Akasema tangu vibao vianze mtaani halali vizuri. Alikuwa anamsikia Bonny akinywa chai. Alijiambia moyoni kwamba akitolewa humu mara ya pili, miguu ya kurudi hana tena.

"Kumbe mtoto yangu umeandika kwa ukuta, dunia yote isome. Wengine wanauza bibi zao. Wewe umekataa."

Akanishika kipara kwa mikono miwili akakisomea Fatiha.

Nililia. Naandika ukweli, kitabu hiki ni cha siri: niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ya barua. Mikono yake ilikuwa myepesi sana. Nikaazimia pale pale kwamba siuzi. Kisha nikakumbuka lori. Kisha nikalia tena, na Bibi akadhani ni kwa ajili yake, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Jumanne, 16 Septemba

Dua ya shukrani. Bibi ndiye aliyeiamuru, na jambo analoamuru Bibi hufanyika. Fadhul na watu wake walinunua mbuzi, maana wamekula kwetu siku mbili na Hajara aliwatazama.

Walikuja imamu, mwenyekiti, mtaa mzima, Sadik ndani ya kanzu ile ile, Bonny kwa ajili ya wali. Mzee Guerschom pia. Hajara alimwalika, sijui kwa nini.

Baada ya dua Bibi akasema niweke mkono wa kulia ukutani, nisome kwa sauti yale niliyoandika. Mbele ya watu wote! Nikasoma. Watu wakaitikia amina. Akasema nisome tena, kuna waliokuwa wanatafuna. Nikasoma. Hapo Bibi akatoa karatasi kwenye ukaya aliojifunga kichwani: nyumba haitauzwa maadamu yeye yu hai, na baada yake itakaliwa na watoto wa nyumba hii. Kila kitu kilikuwa kimekwisha andikwa, na nafasi za sahihi. Mwandiko unafanana na wa Hajara, lakini wanawake wengi huandika vizuri. Nikatia sahihi. Fadhul akatia sahihi kama shahidi, mdomo umejaa nyama, ndipo akauliza ametia sahihi nini. Mwenyekiti akagonga mhuri.

Bahati ilioje! Imamu yupo, mwenyekiti yupo, ndugu wote wapo, karatasi ipo. Mtu angepanga hivyo makusudi asingeweza. Niliona Bibi na Hajara wakitazamana, nadhani walikuwa wanajiuliza kama wali utatosha.

Mzee Guerschom alicheka mpaka akafuta macho. Akaniambia: "Papa, Jumamosi ulinidanganya. Leo bibi yako amekukamata. Mahali kunakaa bibi kama huyu, muzigo yangu italala vizuri." Anapanga banda la gari na chumba cha mbele, miezi sita, anatanguliza kodi yote. Tayari amekubaliana na Hajara.

Mtu mmoja aandike ukutani, mzee wa Goma asome, nyumba ipone. Niliwaacha watu waone wenyewe nilivyopanga.

Alhamisi, 18 Septemba

Wa Bombo wameondoka. Jogoo amebaki, Fadhul amempa Bibi. Nashukuru kwa vyote viwili.

Vitenge vimeshushwa. Banda zima limejaa rangi. Mzee Guerschom amemkabidhi kodi Hajara, mkononi mwake, wala hakunitazama. Hajara amekwenda kununua kikaango kikubwa na unga wa miezi miwili, na fedha zinazobaki ameziweka mahali ambapo, anasema, hata yeye mwenyewe hatapakumbuka.

Halafu pigo. Mzee alihitaji mtu wa kutunza mzigo na kuandika unaoingia na unaotoka. Amemwajiri Sadik! Katika banda langu mimi! Sadik anavuka barabara saa mbili asubuhi amevaa kitambulisho cha shirika, kile cha zamani, amekigeuza nyuma mbele.

Nilikwenda kumwambia la moyoni. Nikamkuta amekaa juu ya robota la vitenge, kashika kalamu, anafuta pua. Akasema hakutaka kuuza hata siku moja. Alisimamisha kibao kwa sababu aliniona nazungumza na Bonny, akadhani mimi najua jambo. Nikamwambia mimi nilidhani yeye ndiye anayejua. Tulitazamana, wapumbavu wawili wa ukurasa mmoja na kurasa mbili, tukacheka mpaka Hajara akaja kuona kuna nini. Alituletea gurusa. Sijacheka hivyo tangu mwezi wa pili. Namshukuru Mungu kwa Sadik. Nimeondoa ile dua ya upele.

Jioni Olal alikuwa kwenye ukuta wa Sadik, anaandika. Haiuzwi. Herufi zake kubwa kuliko zangu kidogo.

Jumapili, 21 Septemba

Jioni ya leo nilikaa barazani na Bibi. Jogoo anatembea uani, vitenge vimefungiwa, Hajara anahesabu gurusa za kesho: mia mbili. Mia mbili! Ndipo nikauliza jambo ambalo sikuwahi kuuliza, tangu mwezi wa pili tumekuwa tunakula nini. Hajara akasema gurusa. Nikafikiri sana. Miezi saba tumekula kwenye kikaango kile, na mimi nilikuwa nakiita kajishughuli. Nikamwambia asante. Aliinua macho kana kwamba nimezungumza Kichina. Akasema karibu, na akanisogezea asali.

Nina nyumba, nina mke, nina Bibi, nina jirani. Alhamdulillahi kwa kila moja. Nimejifunza, na nimeandika hapa nisisahau: nyumba ya mtu haichezewi.

Nyumba za watu wengine, hilo ni jambo tofauti.

Nimepiga mahesabu. Bukoto nzima inauza. Bei iko chini kama kisigino, na Bonny mwenyewe anasema sasa haiwezi kushuka tena, itapanda tu. Na Bonny ni mtu wa soko. Katika haya yote, ni nani aliyekunywa chai pande zote mbili? Dalali! Na dalali mwenye ofisi huaminiwa kuliko dalali mwenye viatu tu. Mimi nina ukuta unaosomeka kutoka barabara kuu, unaojulikana mtaa mzima. Chini ya yale maandishi ya zamani kuna nafasi nzuri: NYUMBA ZINAUZWA. ULIZA HAPA.

Kopo nimelitazama chini ya kitanda, rangi inatosha. Olal anakuja kesho saa moja, kabla Hajara hajarudi kutoka sokoni. Bibi akiuliza fundi anaandika nini, nitamwambia Mashallah.